Maji Yanapanda kwa Kasi Gani? Kusoma Mteremko wa Mstari kutoka Nyamisati hadi Bwawa la Rufiji

Nahodha anayetaka kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni, Mafia, hapangi safari kwa kuangalia kina cha maji peke yake. Maji yanayomfika mtu kiunoni wakati yanajaa ni habari moja. Maji hayo hayo, kiunoni pale pale, wakati yanapwa, ni habari nyingine kabisa. Baada ya saa mbili chombo kilicho kwenye maji yanayojaa kitakuwa kinaelea bila wasiwasi, na kilicho kwenye yanayopwa kitakuwa kimekaa kwenye tope, abiria wakisubiri maji yarudi. Kinachotofautisha hali hizo mbili si kina. Ni upande ambao maji yanaelekea, na kasi yake.

Hicho ndicho kinachoitwa mteremko wa mstari kwenye grafu. Mwanafunzi wa Tanzania hukutana nacho rasmi Kidato cha Kwanza, kwenye jiometri ya jira, na wengi hukiacha hapo hapo. Hukariri kwamba ni "y ya pili toa y ya kwanza, gawanya kwa x ya pili toa x ya kwanza", hupata jibu kama 3 au robo tatu, hupigiwa alama ya vema na kufungua ukurasa unaofuata. Hakuna aliyemuuliza: robo tatu ya nini? Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2023, watahiniwa waliofaulu Hisabati walikuwa takriban robo tu ya waliofanya. Sababu ni nyingi, zikiwemo upungufu wa walimu na lugha ya kufundishia inayobadilika ghafla baada ya Darasa la Saba. Lakini namba zinazofundishwa bila vipimo vyake zimo katika sababu hizo, na hili ni jambo ambalo mzazi wa Kibiti au mwalimu wa Mbwera anaweza kulirekebisha bila kusubiri kitabu kipya.

Dawa yake ni swali moja: "kiasi gani kwa kila kiasi gani?" Sentimita ngapi kwa kila saa, shilingi ngapi kwa kila uniti, megawati ngapi kwa kila mtambo. Mteremko ni badiliko la mhimili wa wima likigawanywa kwa badiliko la mhimili wa ulalo, na jibu lake hubeba vipimo vya mihimili yote miwili. Jibu lisilo na vipimo halijakamilika hata kama namba ni sahihi.

Delta ya Rufiji ni mahali pazuri mno pa kujifunzia jambo hili, kwa sababu grafu yake inajichora yenyewe mara mbili kwa siku. Kinachohitajika ni mti ulionyooka, rangi au msumari wa kuchorea alama za kila sentimita 5, saa, na daftari. Mti usimikwe mahali ambapo maji hayaondoki kabisa hata yakipwa, na kwa usalama iwe pembeni ya gati au kwenye ukingo ambao mtu anaweza kuusoma akiwa nchi kavu. Kisha kila baada ya nusu saa mtu asome maji yamefika alama gani, aandike. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, pwani hii maji hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo darasa linaweza kupima kuanzia hapo hadi jioni bila mtu kuamka usiku.

Tuseme vipimo vya siku moja ya bamvua, tukichukua vya kila saa kamili, vimetoka hivi. Saa tano asubuhi maji yako kwenye alama ya sentimita 40. Saa sita yamefika 65, saa saba 115, saa nane 190, saa tisa 265, saa kumi 315, na saa kumi na moja jioni 340. Hizi ni namba za mfano, lakini si za kubuni ovyo: tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa wakati wa bamvua katika pwani yetu hupita mita 3, na mpangilio wa kupanda kwake unafuata kanuni ya kale ya mabaharia. Kanuni hiyo hugawa kimo chote mafungu 12. Saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, na ya sita moja.

Mwanafunzi achore. Mhimili wa ulalo uwe saa, wa wima uwe sentimita. Nukta saba zikiunganishwa hazitoi mstari ulionyooka. Zinatoa mkunjo unaoanza taratibu, unapanda kwa ukali katikati, kisha unalala tena karibu na kujaa. Na hapa ndipo somo linapokolea. Tangu saa tano hadi saa kumi na moja maji yamepanda sentimita 300 kwa saa 6, yaani mteremko wa wastani ni sentimita 50 kwa saa. Lakini kati ya saa tano na saa sita ni 25 tu. Kati ya saa saba na saa tisa, 265 toa 115 ni 150, gawanya kwa 2, ni sentimita 75 kwa saa. Grafu ni moja, maji ni yale yale, lakini miteremko ni mitatu, na yote ni ya kweli. Anayesema "maji yanapanda sentimita 50 kwa saa" hajakosea hesabu. Amekosea kama anadhani ndivyo yanavyopanda sasa hivi.

Siku za maji mafu mkunjo huo hulala. Kimo chote kikiwa sentimita 120, fungu moja ni sentimita 10, na hata saa zile za katikati maji hayapandi zaidi ya sentimita 30. Mwanafunzi akizichora grafu mbili, ya bamvua na ya maji mafu, kwenye karatasi moja na kwa mihimili ile ile, ataona kwa macho tofauti ambayo wavuvi wanaijua miilini mwao.

Kanuni ya mafungu 12 ni makisio, na ndani ya delta ina kasoro zake. Maji ya bahari yanayoingia kwenye mito yenye mikoko huchelewa kadiri yanavyopanda juu, na mto wenyewe unasukuma kuelekea baharini. Mara nyingi katika milango ya mito maji hujaa haraka kuliko yanavyopwa, na wakati wa masika, Rufiji ikileta maji mengi kutoka Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, umbo la mkunjo hubadilika zaidi. Ndiyo maana majedwali ya maji kujaa na kupwa ya bandari ya Dar es Salaam ni msaada kwa mtu wa Salale au Kiongoroni, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya mti wake mwenyewe wenye alama.

Sasa lipo jambo ambalo vitabu vya shule havigusi, nalo linaweza kuokoa maisha. Mteremko wa maji kwenye grafu hukutana na mteremko wa ardhi chini ya miguu. Tope la ufukweni linaloteremka mita 1 kwa kila mita 200 linaonekana kama uwanja wa mpira. Jicho haliamini kwamba limeinama. Maji yakipanda sentimita 75 kwa saa juu ya tope kama hilo, ukingo wa maji husogea kuelekea nchi kavu mita 150 kwa saa, yaani 0.75 mara 200. Lakini saa ya kwanza, maji yakipanda sentimita 25 tu, ukingo ulisogea mita 50. Mtu aliyekwenda mbali kutafuta kaa au chaza, akaangalia maji kwa saa ile ya kwanza na kuona yanakuja polepole, amepima mteremko wa mwanzo na kuutumia kwa saa ya tatu. Maji yatamjia kwa kasi mara tatu ya aliyoizoea. Tena hayaji kwa mstari mmoja ulionyooka: vijito vilivyo nyuma yake hujaa kwanza, na njia ya kurudi inakuwa imekatika kabla hajalowa magoti. Wazee wa pwani huwaambia watoto warudi maji yanapogeuka tu, wasisubiri yawafikie. Ushauri huo una hesabu kamili ndani yake, na mtoto akionyeshwa hesabu hiyo atauheshimu zaidi.

Mikoko nayo imejipanga kwa mteremko huo huo wa tope. Mlilana husimama mbele, mahali panapofunikwa na maji mara nyingi. Mkoko hufuata kwenye kingo za mito. Mkandaa na mchu huonekana hata kule juu ambako chumvi ni kali na maji hufika mara chache. Tofauti ya kimo ya sentimita chache tu inaweza kubadili mti unaoota.

Mkulima wa bonde ana grafu yake, na mara nyingi ni ile inayoshuka. Kando ya Rufiji kuna kilimo cha mlau: maji ya mafuriko yakianza kuondoka, watu hupanda mahindi, kunde na mazao mengine kwenye udongo uliobaki na unyevu, wakifuata maji yanavyorudi mtoni. Grafu ya kina cha maji katika wiki hizo huelekea chini kutoka kushoto kwenda kulia, na mteremko wake ni hasi. Wanafunzi wengi huogopa alama ya kutoa, wakidhani wamekosea. Kwa mkulima wa mlau alama hiyo ni habari njema.

Tuseme kijiti cha shambani kilisoma sentimita 180 tarehe 1 Juni na sentimita 120 tarehe 11 Juni. Badiliko ni 120 toa 180, yaani hasi 60. Siku ni 10. Mteremko ni hasi 6, yaani maji yanashuka sentimita 6 kwa siku. Hapa kuna kosa moja linalorudiwa darasani mwaka hadi mwaka: mwanafunzi huanza na kipimo cha pili upande wa juu wa mgawanyo, kisha huanza na tarehe ya kwanza upande wa chini. Alama inageuka, na maji yanayopungua yanakuwa yanaongezeka. Dawa ni kuamua mapema nukta ipi ni ya kwanza na kushikilia uamuzi huo juu na chini. Na baada ya kupata jibu, kuangalia mstari wenyewe: kama unashuka kuelekea kulia, jibu lazima liwe hasi.

Kisha ardhi inaingia tena. Shamba linaloinama sentimita 1 kwa kila mita 1, maji yakishuka sentimita 6 kwa siku, litaachia ukanda wa mita 6 kila siku. Shamba tambarare zaidi, linaloinama nusu sentimita kwa kila mita, litaachia mita 12. Familia inayoweza kupanda ukanda wa mita 6 tu kwa siku itajikuta nyuma katika shamba la pili, na udongo utakauka kabla mbegu haijaingia. Ikijua hivyo mapema itatafuta mikono ya kusaidia, au itapima eneo lake upya. Mkulima mzoefu hufika kwenye uamuzi huo kwa kuangalia tu, bila karatasi. Faida ya karatasi ni kwamba kijana aliyerudi kutoka mjini, asiye na misimu 30 kichwani, anaweza kuufikia pia, na kwamba vipimo vya mwaka huu vitalinganishwa na vya mwaka ujao.

Ulinganisho huo una uzito mpya tangu mto ulipowekewa bwawa. Kwenye korongo la Stiegler, juu ya bonde, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye kimo cha mita 131. Jiwe la msingi liliwekwa Julai 2019, na tarehe 22 Desemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kujazwa kwake. Mtambo wa kwanza wa umeme ulianza kufanya kazi Februari 2024.

Bwawa hilo linatoa grafu rahisi kuliko zote katika makala haya, na mwalimu angefanya vizuri kuanza nayo. Kuna mitambo 9, kila mmoja una megawati 235. Mhimili wa ulalo uwe idadi ya mitambo, wa wima uwe megawati. Mitambo sifuri, megawati sifuri, mmoja, 235, miwili, 470, mpaka tisa, 2,115. Nukta zote ziko kwenye mstari mmoja ulionyooka unaopita kwenye sifuri, na mteremko wake ni megawati 235 kwa mtambo, popote utakapoupima. Lakini mwanafunzi akibadili mhimili wa ulalo na kuweka miezi badala ya mitambo, mstari ule ule unageuka ngazi: unalala miezi kadhaa, unaruka, unalala tena, kwa sababu mitambo iliwashwa mmoja baada ya mwingine. Mabadiliko ya mhimili mmoja yamezaa picha nyingine kabisa. Hii ndiyo sababu ya kusoma maandishi ya mihimili kabla ya kuangalia mstari.

Kujaa kwa bwawa ni habari ngumu kidogo. Bonde lililo nyuma ya ukuta ni jembamba chini na pana juu, mfano wa bakuli. Maji yanayoingia kwa kiasi kile kile kila siku hupandisha kina haraka mwanzoni, kisha taratibu kadiri eneo linavyopanuka. Anayechora kina dhidi ya siku ataona mstari ukilala na anaweza kudhani mto umepungua. Anayechora ujazo dhidi ya siku ataona mstari ulionyooka, kwa sababu mto haujapungua hata kidogo. Kwa hiyo anayesikia kwamba "kina kimepanda nusu mita tu wiki hii" aulize kina kiko wapi sasa. Nusu mita karibu na kiwango cha juu cha bwawa, mita 184 kutoka usawa wa bahari, ni maji mengi kupita kiasi ukilinganisha na nusu mita ya mwanzoni.

Na hapo ndipo watu wengi, wakiwemo wasomi, hukanganya kimo na mteremko. Mstari ulio juu kwenye karatasi si lazima uwe unapanda. Bwawa likijaa kabisa na kubaki mita 184, mstari wake uko juu sana, nao umelala. Mteremko ni sifuri. Mto ulio chini bado, lakini unaopanda sentimita 40 kwa siku, una mstari wa chini wenye mteremko mkali. Mwenye nyumba bondeni ana sababu zaidi ya kuuogopa huo wa pili.

Hata mstari uliolala hauna maana kwamba hakuna kinachotokea. Kina cha bwawa hubaki pale pale wakati maji yanayoingia na yanayotoka yanalingana, na yanaweza kulingana yakiwa kidogo au yakiwa mengi ya kutisha. Aprili 2024 mafuriko yalipovamia mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, maji yalikuwa pia yanafunguliwa bwawani, na mjadala ukawa mkubwa kuhusu chanzo. Shirika la umeme, TANESCO, lilieleza kwamba bila bwawa mafuriko yangekuwa makubwa zaidi. Mwananchi anayetaka kupima maelezo ya aina hiyo hawezi kutumia grafu ya kina cha bwawa peke yake. Anahitaji mistari miwili kwenye karatasi moja: maji yanayoingia kwa kila sekunde na yanayotoka kwa kila sekunde. Mstari wa kuingia ukiwa juu ya ule wa kutoka, bwawa linapanda. Mistari ikikutana, kina kinasimama. Wa kutoka ukiwa juu, kina kinashuka. Pengo kati ya mistari miwili ndilo mteremko wa ujazo wa bwawa. Viongozi wa vijiji vya bondeni wana haki ya kuomba takwimu hizo kwa TANESCO na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, na ni vema waziombe zikiwa na saa na tarehe.

Umeme wenyewe, ukifika nyumbani, huleta mstari mwingine. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, wa daraja D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1, na uniti moja inakuwa shilingi 122. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inayotozwa kodi ya jengo kupitia LUKU, yaani mita ya kulipia umeme kabla, hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Kwa hiyo uniti 10 za mwezi zinagharimu jumla ya shilingi 2,720, na uniti 40 zinagharimu 6,380. Toa: 3,660. Gawanya kwa 30: shilingi 122 kwa uniti, kama inavyotakiwa. Ile 1,500 haionekani kabisa kwenye mteremko. Inaonekana mahali mstari unapokata mhimili wa wima, pale ambapo uniti ni sifuri.

Familia nyingi hugawanya fedha yote kwa uniti zote na kusema uniti imepanda bei. Kwa uniti 10, 2,720 gawanya kwa 10 ni shilingi 272 kwa uniti; kwa uniti 40 ni karibu shilingi 160. Bei ya uniti haijabadilika hata senti. Kilichobadilika ni jinsi kodi ile ya mara moja ilivyogawanywa. Mteremko unatoa jibu safi kwa sababu unapima ongezeko, hauchanganyi na kile kilicholipwa kabla ya uniti ya kwanza.

Ukipita uniti 75, mstari unapinda ghafla. Kila uniti ya ziada ilipangiwa shilingi 350 kabla ya makato, yaani 427 pamoja nayo, na mteja anayezoea kuvuka mpaka huo huweza kuhamishiwa daraja T1, ambako uniti, pamoja na makato, ni shilingi 356.24 tangu ya kwanza. Mama mwenye friji ya kuuza barafu Kibiti mjini akichora mistari hii mitatu kwenye karatasi moja ataona kwa nini uniti ya 76 inauma kuliko ya 75, na ataweza kupanga kama biashara ya barafu inalipa gharama ya kuhamishwa daraja.

Ipo hila moja ya kujihadhari nayo, iwe ni gazetini, kwenye ripoti ya mradi au kwenye simu. Ukali wa mstari kwa macho hutegemea jinsi mihimili ilivyovutwa. Vipimo vile vile vya bamvua, vikichorwa kwenye karatasi ambayo sentimita 100 za maji zimepewa mraba mmoja, vitaonekana kama mlima mdogo wa mchanga. Zikipewa miraba kumi, vitaonekana kama ukuta. Mhimili wa wima unaoanzia mita 160 badala ya sifuri unaweza kufanya badiliko la mita 2 la bwawa lionekane kama janga au kama muujiza. Tangu William Playfair alipochapisha London mwaka 1786 grafu za mistari za biashara ya Uingereza, watu wamekuwa wakishawishiwa kwa picha kabla ya kusoma namba. Anayetaka ukweli achague nukta mbili zilizo mbali kwenye mstari, asome thamani zake kwenye mihimili, wala asihesabu miraba, kisha apige hesabu. Namba haibadiliki hata karatasi ikivutwa vipi.

Kwa nini nukta zilizo mbali? Kwa sababu kosa la kusoma halikwepeki. Mawimbi madogo yanapiga kwenye mti, na msomaji anaweza kukosea sentimita 2. Nukta zikiwa zimepishana sentimita 10 tu, kosa hilo ni sehemu moja ya tano ya jibu. Zikipishana sentimita 150 kosa karibu lisionekane. Ila mstari uwe kweli umenyooka kati ya nukta hizo. Ukiwa umepinda, kama ule wa maji kujaa, umbali unaficha kile kile kinachotafutwa. Hapo rula iwekwe iguse mkunjo mahali pale panapohusika, mstari uchorwe, na nukta mbili zichukuliwe kwenye mstari huo wa rula.

Jambo la mwisho ni kuurefusha mstari kupita vipimo. Yule mkulima wa mlau, maji yakiwa sentimita 120 na yanashuka 6 kwa siku, anaweza kusema yatafika 30 baada ya siku 15, maana 90 gawanya kwa 6 ni 15. Kwa siku tatu au nne za mbele makisio hayo ni ya kuaminika. Kwa siku 15 ni makisio tu, kwa sababu mvua inaweza kunyesha Kilombero, au milango ya bwawa ikafunguliwa, na mteremko ukageuka alama usiku mmoja. Apime kila asubuhi, achore nukta mpya, na nukta mbili mfululizo zikikaa juu ya mstari aliourefusha, atupe makisio ya zamani na aanze mengine.

Kijiji kinachotaka kuweka kumbukumbu kama hizi kichague msomaji mmoja na msaidizi wake, saa moja isiyobadilika ya kusoma, na daftari lenye jalada gumu litakalokaa ofisi ya kijiji au shuleni. Sifuri ya mti ipimwe kutoka kitu kisichohama, kama sakafu ya zege ya zahanati au nguzo ya gati, na tofauti hiyo iandikwe ukurasa wa kwanza. Masika yakiubeba mti, na itafika siku yataubeba, mwingine utasimikwa kwa kipimo kile kile na mstari utaendelea pale ulipoishia.